Kinga ya Mzigo Dhidi ya Mvua: Maarifa ya Wasafiri wa Liboi

Mtu anayeitazama ramani ya Kenya na kuiona Liboi, mji mdogo wa Kaunti ya Garissa ulio karibu na mpaka wa Somalia, yamkini hatafikiria habari za mvua. Eneo hilo hupata takribani milimita 300 hadi 400 za mvua kwa mwaka mzima, na sifa zake zinazojulikana zaidi ni vumbi, miiba na jua. Hata hivyo, ni huko ambako suala la kuuhifadhi mzigo usilowe limefikiriwa kwa kina na kwa muda mrefu. Wakazi wake wafugaji wamekuwa wasafiri kwa vizazi vingi, na msafiri hana dari ya kudumu. Isitoshe, mvua ya huko haigawanyiki kwa upole katika miezi. Sehemu yake kubwa hushuka katika siku chache tu, juu ya ardhi tambarare isiyo na mteremko wa kuyaondoa maji upesi. Mahali penye mvua haba, basi, ndipo mtu anapoweza kulowa kwa gharama kubwa zaidi.

Makala haya yanayaeleza maarifa hayo na kuyalinganisha, panapofaa, na ya wasafiri wa namna nyingine: mabaharia wa mwambao na wapanda milima wa siku hizi wenye shanta na mahema yao. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba ukavu wa mzigo hautokani hasa na kitambaa kisichopenyeka. Unatokana na mpangilio: kipi kimewekwa wapi, maji yameelekezwa wapi, kilicholowa kitakaushwa lini, na ni kitu gani kati ya vyote kisichoruhusiwa kuguswa na tone.

Misimu

Wasomali wa eneo hilo huugawa mwaka katika misimu minne. Gu' ndiyo mvua kuu, tangu Aprili hadi Juni, nayo hukaribiana na masika ya Waswahili. Deyr, ya Oktoba hadi Desemba, hukaribiana na vuli. Katikati huwapo xagaa, kipindi cha upepo, na jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. (Katika tahajia ya Kisomali iliyorasimishwa mwaka wa 1972, herufi x huwakilisha sauti ya ha nzito ya Kiarabu na c huwakilisha aini. Msomaji wa Kiswahili asiyelijua hilo hushangaa akiliona neno caws, yaani nyasi, na aghalabu hulitamka visivyo.)

Misimu hiyo si ratiba ya kutegemewa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022 mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo. Kisha deyr ya mwaka 2023 ikaleta mafuriko. Mtu aliyekaa miaka miwili na zaidi bila kukanyaga tope huenda akasahau kuzikagua kamba na mikeka yake, ilhali mchwa na panya hawasahau. Kwa hiyo matayarisho ya mvua huanzia katika jilaal, wakati ambapo hakuna hata wingu la kusingizia.

Hapa methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu hupatwa na mtihani. Jirani na Liboi hupita Laga Dera, bonde la mto wa msimu linaloelekea Somalia. Ewaso Ng'iro unapofurika na kukivuka kinamasi cha Lorian, maji yake hufuata bonde hilo. Asili ya maji hayo ni mvua zilizonyesha mbali sana, katika nyanda za juu za kati ya Kenya. Msafiri aliyetandika mkeka wake kwenye mchanga mlaini wa laga, chini ya anga tupu lenye nyota tele, aweza kuamshwa na maji ya mvua ambayo hakuiona wala kuisikia. Mchanga wa laga ni mlaini, hauna miiba, na huvutia mno mtu aliyechoka. Hata hivyo, kutolala lagani ni katika mambo ya awali kabisa ambayo mtoto wa mfugaji hufunzwa.

Njia ambazo maji huupata mzigo

Kabla ya kuzungumzia mikeka na vyombo, yafaa ieleweke kwamba mvua inayoanguka kutoka juu ndiyo adui aliye rahisi kuliko wote. Huonekana, husikika, na hufunikwa. Maji yanayowashinda wasafiri wengi ni yale yanayokuja kwa njia nyingine. Yako yanayotoka chini, ambayo huchirizika juu ya ardhi ngumu au hupanda kutoka kwenye udongo uliolowa na kunyonywa na gunia lililokaa juu yake usiku kucha. Yako pia yanayofuata kamba. Kamba iliyolowa hufanya kazi kama utambi wa taa: ncha moja ikiwa mvuani na nyingine imeingia ndani ya mfuko, maji husafiri juu yake hadi ndani, hata kama kifuniko chenyewe ni kizima. Dawa yake ni kuiacha kamba ilegee na kuning'inia kidogo kabla ya kufika kwenye mzigo, ili maji yadondoke katika kipeo cha chini cha mlegeo huo. Mafundi wa umeme hufanya vivyo hivyo na nyaya zinazoingia nyumbani.

Njia ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ni maji yanayotoka ndani ya mzigo wenyewe. Nguo iliyofungwa ikiwa na unyevu, blanketi lililonyonya jasho, au pumzi za watu waliolala chini ya turubai hutoa mvuke. Mvuke huo ukikutana na kitu baridi hugeuka kuwa matone, na mwenye mali huamka akadhani kwamba turubai limetoboka.

Kiswahili chenyewe kina jambo la kufundisha katika mada hii. Waandishi wengi husema nguo isiyopenya maji, na wapo wahariri wanaolikosoa neno hilo kwa hoja kwamba maji ndiyo yanayopenya, si nguo, hivyo ingepasa kusemwa isiyopenyeka. Hoja hiyo ina mantiki, lakini inasahau kwamba Kiswahili huruhusu chombo kuwa kiima mahali ambapo mtendaji halisi ni maji. Baharia husema mashua imeingia maji, mpishi husema sufuria inavuja maji, na hakuna anayeshangaa. Sarufi ya namna hiyo humwelekeza msemaji kutazama tundu la chombo badala ya kuilaumu mvua. Mfugaji wa Liboi anayeukagua mzigo wake alasiri hutazama vivyo hivyo, ingawa lugha yake ni nyingine.

Nyumba inayobebwa

Makao ya asili ya Wasomali wafugaji huitwa aqal. Ni nyumba ya mviringo yenye umbo la kuba, iliyojengwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka. Mjenzi wake ni mwanamke, na mwenye mali ni mwanamke. Mikeka ya bibi harusi husukwa na mama yake pamoja na jamaa zake wa kike kabla ya ndoa, nayo huenda naye. Labelle Prussin, katika kitabu chake African Nomadic Architecture cha mwaka 1995, aliyachunguza makao ya wafugaji wa namna hii, wakiwamo Wasomali, Warendille na Wagabra, na kuonyesha jinsi ujenzi, safari na ndoa vinavyofungamana mikononi mwa wanawake.

Jambo la kutiliwa maanani kwa mada hii ni kwamba vifaa vya aqal havibebwi tu kama mzigo. Hivyo vyenyewe huwa ni chombo cha kubebea. Siku ya kuhama, nyumba hubomolewa kwa muda mfupi. Mikeka mizito, inayoitwa harar, hutandikwa mgongoni mwa ngamia kama matandiko, na zana zote za kumpakilia mizigo huitwa heeryo. Fito za nyumba hufungwa pande zote mbili, zikawa kiunzi cha kushikilia vyombo. Juu yake huwekwa vitu vya nyumbani, pengine na mtoto mchanga au ndama asiyeweza kutembea, na ngozi ya ng'ombe au mkeka mwingine hufunika vyote. Kile kilichokuwa paa jana huwa ni kifuniko cha mzigo leo, na kesho huwa ni paa tena. Kwa hiyo mkeka uliosukwa vibaya humwadhibu mwenyewe mara mbili, safarini na kambini.

Mkeka huo huizuiaje mvua? Mtu akiuinua dhidi ya jua ataona mwanga ukipenya katika matundu madogo, na atadhani kwamba hauwezi kuzuia kitu. Siri iko katika mambo matatu yanayofanya kazi kwa pamoja. Upande wa nje wa mkeka wa paa huachwa na nyuzi ndefu zinazoning'inia kama manyoya, na kila uzi hulichukua tone na kuliteremsha hadi kwenye uzi ulio chini yake. Umbo la kuba huhakikisha kwamba maji hayapati mahali pa kutuama. Tena nyuzi za mimea hufura zinapolowa, hivyo matundu yaliyokuwa yakipitisha upepo wakati wa jua huzibana mvua inapoendelea. Dakika za kwanza za mvua ndizo zenye hatari ya matone kupita. Mkeka uliokwisha kulowa huzuia maji vizuri zaidi kuliko mkavu.

Wasomaji wa pwani watalitambua jambo hili mara moja. Fundi wa makuti hupanga makuti yake kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiilalia ile iliyo chini yake, na huufanya mteremko wa paa uwe mkali. Paa la makuti lililolazwa sana huvuja, hata makuti yakiwa mapya. Elimu ni ileile, ingawa mmoja anatumia mnazi na mwingine anatumia nyasi na nyuzi za mkonge-pori.

Kuna sharti moja ambalo mtalii mwenye hema la turubai la pamba hulijua kwa uchungu: kitu chochote kisiguse kifuniko kwa upande wa ndani. Maji yaliyotulia katika nyuzi hubaki humo maadamu hayajapata daraja la kuyavusha. Mtu akiugusa mkeka au turubai lililolowa, au akiuegemeza mfuko wa nguo dhidi yake, daraja limepatikana, na maji yataanza kudondoka mahali hapo. Ndani ya aqal vyombo huning'inizwa kwenye fito, mbali na ardhi iliyolowa, na malazi huelekea katikati. Moto wa jioni nao, pamoja na kupika, huikausha mikeka kutoka ndani, na moshi wake huwafukuza wadudu na kuzuia ukungu. Mgeni anayelalamika kwamba nyumba imejaa moshi hajajua kwamba moshi huo ni sehemu ya paa.

Juu ya yote hayo kuna hatua iliyo ya kwanza kwa umuhimu: kutosafiri. Ngamia ni mnyama hodari wa mchanga, lakini hana kwato za kushika tope. Kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa miguu yake huteleza na kupanuka, na akianguka na mzigo aweza kuvunjika asiinuke tena. Kwa hiyo mwenye busara hapakii mzigo siku ya tope. Hungoja, na kungoja huko ni kinga ambayo haiuzwi dukani. Mpanda mlima wa siku hizi, aliyelipia safari na ana tarehe ya kurejea kazini, hana anasa hiyo. Ndiyo sababu analazimika kununua makoti ya bei kubwa.

Chombo kinachofura

Kwa mnasaba huu chombo kiitwacho haan kinastahili kutajwa. Ni chombo cha maji au maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi na magamba ya miti, kikakazwa hata kisivuje. Mtu asiyekijua hukidhani ni kikapu, na huona ni mzaha anapoambiwa kwamba hubeba maji. Husukwa kwa kubana sana, kisha hufukizwa kwa makaa ya mti maalumu na kupakwa mafuta. Moshi na mafuta huziba vinyweleo. Lakini kazi kubwa hufanywa na maji yenyewe, kwani nyuzi hufura na kubanana. Haan iliyokaa muda mrefu bila maji huvuja mwanzoni, kisha hujiziba.

Baharia wa Lamu hana haja ya kuelezwa. Jahazi lililopandishwa pwani kwa muda mrefu hupasuka mianya baina ya mbao kwa sababu ya ukavu. Hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, hupakwa deheni, na bado likishushwa majini huvuja kidogo kwa siku za mwanzo hadi mbao zinapofura. Baina ya mwanamke wa Liboi na fundi wa jahazi pana masafa marefu ya nyika, na hakuna haja ya kudai kwamba mmoja alimfundisha mwenzake. Wote wawili wamegundua kwamba kitu chenye uhai wa mmea kikilowa hujifunga chenyewe. Plastiki haina tabia hiyo. Ikitoboka, imetoboka.

Kitu kisichoruhusiwa kulowa

Katika mzigo wowote kuna vitu vinavyoweza kulowa bila hasara kubwa. Nguo hukauka, sufuria haijali, na ngozi ikilowa hupakwa samli ikarudia ulaini wake. Viko vinavyoharibika kwa hasara ya kadiri, kama vile sukari, majani ya chai, unga na viberiti. Lakini viko vichache ambavyo vikilowa, maisha ya mwenyewe huathirika, na katika eneo la mpaka vitu hivyo ni karatasi.

Mwaka wa 1989 serikali ya Kenya iliendesha zoezi la kuwahakiki Wakenya wa asili ya Kisomali, wakatakiwa kuthibitisha uraia wao, na waliokubaliwa walipewa kadi maalumu za rangi ya waridi. Tangu hapo mzazi wa Garissa, Wajir au Mandera alijua kwamba karatasi moja iliyolowa na wino wake kutawanyika yaweza kumfanya awe mgeni katika nchi aliyozaliwa. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, wakimbizi waliovuka mpaka walipitia Liboi kwa wingi, na pakawa na kambi hapo kabla ya wengi kuhamishiwa kambi za Dadaab: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Kwao kadi ya mgawo wa chakula ilikuwa ni chakula chenyewe. Kabla ya mfumo wa alama za vidole kuanza kutumika katika ugavi mwaka wa 2013, kadi iliyolowa hadi namba zake zisisomeke iliweza kuiletea familia usumbufu mkubwa na njaa. Kwa mwanafunzi, cheti cha mtihani kina uzito huohuo.

Ndiyo sababu elimu ya mzigo huishia katika swali la kuchagua. Haiwezekani kukilinda kila kitu kwa kiwango kimoja. Mtu anayejaribu kukikausha kila kitu mwishowe hulowa kila kitu, kwa kuwa kifuniko chake kimoja kimetandazwa kikawa chembamba kila mahali. Msafiri mjuzi huvitenga vitu vichache, akavifunga kwa tabaka mbili au tatu, na kuviweka katikati ya mzigo au mwilini mwake, mahali ambapo maji yangelazimika kupita vitu vingine vyote ndipo yavifikie. Wapanda milima wa Ulaya na Marekani wamefikia uamuzi huohuo kwa njia yao. Kifuniko kinachovishwa shanta kwa nje hakitoshi, kwani maji huteremka mgongoni mwa msafiri na kuingia kwa upande wa mikanda, ambako kifuniko hakifiki. Mfuko mzima uliowekwa ndani ya shanta, na ndani yake mifuko midogo ya vitu vya thamani, hufaa zaidi.

Kuna karatasi moja ambayo si karatasi. Watoto wa wafugaji wanaosoma Kurani katika dugsi, chuo kinachohama pamoja na kambi, huandika aya kwenye ubao kwa wino wa makaa. Somo likihifadhiwa, ubao huoshwa kwa maji ili uandikwe jingine. Maji hayohayo yakitoka mawinguni kabla ya somo kuhifadhiwa, mtoto amepoteza kazi yake ya siku nzima. Ubao, kwa hiyo, hubebwa ukiwa umetazamishwa ndani, uso kwa uso na mwenzake.

Ujio wa plastiki

Turubai la plastiki lililoletwa na mashirika ya misaada, likiwamo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, liliingia eneo hili kwa wingi katika miaka ya 1990. Ni jepesi, huletwa bila kusukwa, na huzuia mvua tangu tone la kwanza. Kambini, wanawake waliokuwa wamepoteza mikeka na ngamia walikipinda kiunzi kilekile cha kuba kwa matawi ya miti na kukifunika kwa plastiki, vitambaa na magunia. Nyumba hiyo, iitwayo buul, ina mifupa ya aqal na ngozi ya kiwanda. Haitakuwa haki kuibeza. Mama aliyevuka mpaka na watoto bila mkeka hata mmoja hakuwa na miezi ya kusuka.

Hata hivyo, plastiki ilikuja na tabia zake. Haipumui, hivyo mvuke wa waliolala chini yake hugeuka kuwa maji na kuwadondokea. Jua la Garissa huikausha na kuipasua, na ufa mdogo hurefuka kwa upepo. Tena haina manyoya ya kuteremshia matone. Mahali ilipolegea hufanya bwawa, na bwawa hilo huivuta chini hadi igusane na vitu. Wanaoijua huivuta ikaze, huuzidisha mteremko, na huacha nafasi ya hewa chini ya ukingo wake. Wengine hulitanguliza tabaka la nyasi au gunia ndani, ili unyevu unyonywe kabla ya kudondoka, na hivyo wameurejesha mkeka chini ya plastiki.

Mifuko midogo ya plastiki, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kinga ya vitabu vya wanafunzi na karatasi za wazee, ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Wafugaji walikuwa na sababu ya kuifurahia hatua hiyo, kwani mbuzi na ng'ombe walikuwa wakiila mifuko iliyotupwa na kufa. Lakini karatasi zikahitaji hifadhi nyingine. Mtungi wa plastiki wenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza hufaa sana, na una sifa ambayo mfuko hauna: ukichukuliwa na maji, huelea.

Maji yanayotoka chini

Sifa hiyo ya kuelea si mzaha. Katika deyr ya mwaka 1997, iliyoongezwa nguvu na El Niño na kuendelea hadi mwanzoni mwa 1998, mvua zilifurika Kaskazini Mashariki, barabara ya kwenda Dadaab ikakatika, na chakula cha wakimbizi kikalazimika kupelekwa kwa ndege. Maji yaliyotuama yalizaa mbu, na mbu wakaeneza homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu na mifugo mingi katika eneo la Garissa na kusini mwa Somalia. Novemba 2006 mafuriko yalizikumba tena kambi za Dadaab, Ifo hasa, na familia nyingi zikahamishiwa Hagadera. Homa hiyo ikarudi pia. Mwishoni mwa 2023 ikawa zamu nyingine, na Garissa, Wajir na Mandera zikapoteza barabara, nyumba na mifugo.

Katika misiba hiyo mitatu, paa halikuwa ndilo lililoshindwa. Maji yalikuja kwa miguu. Mtu aliyekuwa na turubai zima bila tundu alikuta magodoro yake yakielea ndani. Hapa kanuni za kale hudhihirisha thamani yake: kambi kwenye mwinuko wa mchanga hata kama ni mbali na maji ya kunywa, mfereji mfupi kuizunguka nyumba wenye njia ya kutokea upande wa chini, vyombo kuning'inizwa, chakula juu ya kichanja. Mfugaji anayehama hulichagua eneo lake, mkimbizi hakuchagua. Kambi za Dadaab zilipangwa kwa mistari juu ya tambarare, na aliyepangiwa sehemu ya bonde hakuwa na uwezo wa kuipakia nyumba yake juu ya ngamia na kwenda zake. Mbinu nyingi za kukinga mzigo hufanya kazi kwa sharti kwamba mwenye mzigo ana ruhusa ya kusogea.

Baada ya mvua

Siku jua linapotoka, kazi haijakwisha; pengine ndiyo imeanza. Mizigo yote hufunguliwa, pamoja na ile inayodhaniwa kuwa mikavu, kwa sababu unyevu uliofungiwa huozesha zaidi kuliko mvua iliyoachwa ikauke. Mikeka hugeuzwa upande wa ndani ukatazama jua. Kamba hufunguliwa mafundo, maana fundo ndilo hukauka mwisho na ndilo huoza kwanza. Ngozi hazianikwi juani moja kwa moja, la sivyo hukakamaa. Huachwa kivulini zikakauka polepole, kisha hupakwa samli. Haan huoshwa na kufukizwa upya. Karatasi zikiwa zimelowa licha ya juhudi zote, hazitenganishwi kwa nguvu. Hulazwa mahali pa kivuli penye upepo, na kila moja hungojwa hadi iachane na mwenzake yenyewe.

Kazi hii yote, kama ilivyokuwa kusuka na kupakia, huwaangukia wanawake. Wasichana wanaosoma shule za bweni hawapo nyumbani wakati wa kusuka, na familia zilizopoteza ngamia katika ukame wa 2020 hadi 2022 hazina wa kumpakia mikeka hata wakisuka. Miongoni mwa familia zilizohamia mijini, harar hutandikwa sakafuni chini ya paa la mabati, na upande wake wenye manyoya umetazama chini.